Kumi kwa Moja

Dada alivunjika mguu siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, mbele ya wanafunzi kumi na mmoja. Somo la siku hiyo lilikuwa kwamba lundo la mboji likipangwa vizuri, tabaka juu ya tabaka, halibonyei hata ukilikanyaga. Akapanda juu yake ili waone. Lundo, kusema kweli, halikubonyea. Aliteleza kwenye ganda la papai wakati wa kushuka. Hata walipokuwa wanambeba kwenda hospitali aliwataka waandike kwamba lundo lilikuwa imara.

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani mjini, mama wa miaka hamsini na sita ambaye thelathini kati ya hiyo ameimaliza ameinamia mashine. Alipopata habari alibandika karatasi mlangoni: "Nimeuguliwa. Nguo zilizokwisha ziko kwa jirani wa kulia. Zisizokwisha zivumilie." Akafunga duka, akachukua begi moja na mkasi wake, maana mkasi hauachi popote, akaenda. Alidhani anakwenda kupika, kufua na kumsaidia dada yake kufika chooni.

"Jumamosi kuna darasa," Dada alimwambia kabla hajaweka begi chini.

"Liahirishe."

"Miaka kumi na moja halijaahirishwa."

"Dada, mimi najua nini kuhusu shamba?"

"Hujui kitu. Ndiyo maana mimi nitakaa dirishani."

Shamba lenyewe lilikuwa nusu ekari, nyuma ya gereji. Upande mmoja matuta ya mboga, upande mwingine mipapai, mihogo na banda la kuku kumi na tisa. Katikati palikuwa na paa la mabati juu ya nguzo nne, na chini yake mabenchi. Ndipo watu walipokaa kujifunza. Dada hakuwahi kutia dawa ya dukani wala mbolea ya mfuko kwenye udongo ule, na yeyote aliyetaka kujua anafanyaje alikaribishwa. Bango la getini aliliandika mwenyewe kwa brashi: KARIBU UJIFUNZE BURE FUNGA GETI KUKU. Alikusudia kusema kwamba kuna kuku, wasije wakatoka. Lakini nukta na mikato havikumtosha, kwa hiyo kwa miaka kumi na moja kila aliyeingia kujifunza alikuwa ameshaitwa kuku. Hakuna aliyelalamika, na geti lilifungwa siku zote.

Jumamosi ilipofika, Fundi, maana ndivyo wote walivyomwita tangu siku ya kwanza, alivaa gauni lake la heshima na kusimama mbele ya watu kumi na wanne. Dada alikuwa ameketi kwenye dirisha la chumba chake, mguu wenye plasta juu ya stuli, kama hakimu aliyeumia kazini.

Somo lilikuwa chai ya samadi. Jambo lenyewe ni rahisi. Unatia samadi ya kuku kwenye gunia, unalifunga mdomo, unalining'iniza kwa kamba ndani ya pipa la maji kama vile mtu anavyotumbukiza kifuko cha majani ya chai kikombeni, unakoroga kila siku kwa wiki mbili. Ukilitoa gunia, maji yaliyobaki ni mbolea, na harufu yake haihitaji kuelezwa. Pipa la Dada lilikuwa limekwisha kuiva tangu kabla hajaanguka. Fundi alieleza yote hayo bila kukosea, kwa sababu alikuwa amekariri tangu Alhamisi.

Kisha muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo aliyekuja na sare zake za kazini, akauliza, "Na kabla ya kumwagilia, tunachanganya na maji kiasi gani?"

Hilo halikuwemo katika yale aliyoyakariri. Fundi akageukia dirishani. Huko gereji mtu alikuwa anakata chuma kwa mashine, ikabidi Dada apaze sauti.

"Kumi kwa moja!"

Fundi akashukuru. Kumi kwa moja ni kipimo, na vipimo ndiyo kazi yake. Alichukua kopo, akalijaza chai ya samadi hadi ukingoni, akainama jicho likawa sawasawa na mdomo wa kopo, akaona pamepungua tone, akaongeza. Akafanya hivyo mara kumi. Kisha akatia kopo moja la maji safi, kwa uangalifu ule ule. Dada hakuyaona hayo, kwa kuwa pipa lilikuwa nyuma ya mpapai. Watu wakamsifu kwa mkono wake usiotetemeka. Kila mmoja akaondoka na chupa yake ya lita moja.

Mmoja tu hakuchukua chupa. Alikuwa mwanamume mnene, mkimya, aliyekaa benchi la nyuma kabisa, mahali asipoonekana kutoka dirishani, na kuandika kila neno. Yeye alikuwa amekuja na dumu lake la lita tano, akaomba chai tupu akachanganye mwenyewe.

"Kulikuwa na baba mmoja msikivu sana," Fundi alimsimulia dada yake wakati wa chakula. "Hata kichwa hakuinua."

"Wako wengi wasikivu," Dada akasema, akiwa ameridhika. "Ni kuwapa nafasi tu."

Jumatatu Fundi akaona hafai kufundisha jambo ambalo mwenyewe halitendi. Akamwagilia tuta zima la mchicha. Jumatano asubuhi alipotoka kuokota mayai, mchicha ulikuwa na rangi ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Majani yalikuwa yamejikunja kingo, kahawia, makavu, na yaliyokuwa bado mabichi katikati yalikuwa yanasubiri zamu yao. Alisimama pale na mayai matatu kwenye kanga. Akachuma jani moja akaenda nalo ndani.

Dada aliligeuza jani, akalinusa.

"Umetia nini?"

"Ile chai."

"Umechanganya vipi?"

"Kumi kwa moja, kama ulivyosema."

"Kumi nini?"

"Makopo kumi ya chai. Kopo moja la maji."

Dada akaliweka jani juu ya plasta yake, taratibu, kana kwamba ndilo lililovunjika.

"Maji ndiyo kumi," akasema. "Chai ndiyo moja."

"Hukusema."

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu yupi? Mimi nilikuwa pale, na sikujua. Mteja akiniambia sentimita sitini bila kusema ni mkono au ni kiuno, Dada, mimi sikati kitambaa."

"Lakini ulikata."

Huko nje jogoo mmoja alikuwa anajisifu.

"Zimetoka chupa ngapi?" Dada akauliza.

"Kumi na tatu. Na dumu."

Dada akashika tama. Ushauri wake ulikuwa wasubiri Jumamosi. Huenda wengi hawajaitumia. Watu ni wavivu, alisema, na safari hii uvivu wao ungekuwa na manufaa. Miaka kumi na moja amewaambia watu kwamba samadi haidhuru, kwamba wanaounguza mimea ni wale wa mifuko ya dukani. Hebu mdogo wake afikirie habari hii ikizagaa itakuwaje.

Fundi akafikiri. Wakati mmoja aliwahi kukosea suti ya bwana harusi, mguu mmoja wa suruali ukawa mfupi, na akajitia hamnazo akidhani haitaonekana. Ilionekana na ukumbi mzima. Tangu hapo kosa lake hulifuata mwenyewe nyumbani kwa mtu kabla halijavaliwa.

"Nipe daftari la mahudhurio," akasema.

Mchana huo alianza kuzunguka. Wa kwanza alikuwa dereva mstaafu, aliyeishi nyumba ya tatu kutoka gereji. Fundi alikuwa amejipanga kuomba radhi kwa maneno mazito, na akayasema yote akiwa bado mlangoni, akiwa amesimama.

"Ile chupa?" dereva akasema. "Mama yao kaitoa nje siku ile ile. Kasema ama chupa ilale humu ama yeye." Akamwonyesha, ilikuwa juu ya ukuta wa uani, imefungwa kwa mifuko mitatu. "Ila nimewasimulia wenzangu wote namna ya kuitengeneza. Niliwaambia moja kwa mia."

"Kwa nini mia?"

"Sikumbuki. Ilinijia tu."

Wa pili alikuwa muuguzi, aliyekaa ghorofa ya pili na kupanda mboga kwenye makopo ya rangi barazani. Makopo tisa yalikuwa mabichi na yamenawiri. La kumi lilikuwa na kijiti kilichokauka na kipande cha plasta ya kidonda kilichoandikwa kwa kalamu: JARIBIO. Fundi alipoanza kuomba radhi, muuguzi akamkalisha kwenye kiti.

"Mimi dozi ya mtu mwingine siitumii kwa wagonjwa wote siku moja," akasema. "Natia kwa mmoja, nangoja. Huyu alifariki Jumanne saa kumi jioni. Nilitaka kukuletea taarifa Jumamosi."

Ikawa hivyo nyumba kwa nyumba. Mmoja alikuwa ameisahau kwenye kituo cha basi. Mama wa mapacha aliimwaga kwenye njia ya panya, na panya walikuwa wamehama, akauliza kama anaweza kupata nyingine. Mafundi wawili wa gereji walikuwa wamejaribu kusafishia kutu. Kufikia Alhamisi jioni, kati ya watu kumi na watatu aliowapata, waliokuwa wamefuata maelekezo yake walikuwa wawili, nao walipoteza vitunguu vya majani na miche michache ya pilipili. Fundi hakujua afurahi au avunjike moyo. Alikuwa amepima kwa jicho lake kopo kwa kopo, na karibu hakuna aliyejali.

Alibaki mmoja, yule msikivu wa dumu. Kwenye daftari alikuwa ameandika makazi yake tu: njia panda, duka la pembejeo.

Fundi alilisoma hilo mara mbili, kisha akaenda kumwuliza Dada. Dada akafumba macho.

"Mnene? Mkimya?"

"Ndiye."

"Huyo ni Sumu."

Dada alikuwa amemwita hivyo kwa miaka mingi hata baadhi ya wateja walidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Yule baba alikuwa anauza mbolea za mifuko, dawa za wadudu na mabomba ya kupulizia, na kila Jumamosi Dada alimtaja darasani kama mfano, asiyekuwepo kujibu. Na wiki ambayo Dada hakuwepo darasani ndiyo wiki aliyokuja.

Ijumaa asubuhi Fundi akajikaza akaenda. Duka lilikuwa safi, mifuko imepangwa kwa ukubwa, na mwenyewe yuko nyuma ya kaunta anamsomea mteja maandishi ya pakiti, neno kwa neno, kama anamsomea mkataba. Alipomwona Fundi akamaliza kusoma, akampa mteja pakiti yake, akasubiri atoke. Kisha akafunga nusu ya mlango.

"Karibu, mama," akasema. "Pita huku nyuma."

Nyuma ya duka palikuwa na kitalu cha nyanya, mashina kumi na mawili, kila moja na mti wake wa kuegemea na kamba iliyofungwa kwa fundo moja linalofanana. Yote yalikuwa yameungua. Hapakuwa na jani la kijani hata la kusingiziwa.

"Nilifuata maelekezo," akasema yule baba. "Kumi kwa moja. Nilitumia kopo lenye alama."

Fundi aliona machozi yanamlenga, akayazuia kwa kutazama kamba. Akamweleza kila kitu: dirisha, mashine ya gereji, mpapai, kopo. Alimaliza kwa kusema kwamba katika watu wote kumi na wanne ni watatu tu waliofanya sawasawa na walivyofundishwa, na ni yeye tu aliyepoteza kila kitu.

"Mimi huwa nafuata maelekezo," yule baba akasema. "Ndiyo kazi yangu."

"Lakini baba, samahani nikiuliza. Una duka zima la mbolea. Ulikuja kutafuta nini kwetu?"

Aliinama, akagonga udongo wa kitalu kwa kidole, ukalia kama sakafu.

"Msimu wa tatu huu," akasema. "Nimetia kila nilichonacho mle ndani, kwa kipimo. Nyanya zinatoka kama gololi, na udongo unazidi kuwa hivi. Nikipita kwenu naona udongo wenu mweusi, unakamatika kama unga. Nikasema nikaulize. Kwa kuwa mwenye shamba hanipendi, nikasubiri avunjike mguu." Akatafakari alichosema. "Simaanishi nilisubiri. Ulipovunjika, nikaja."

Alimwomba jambo moja: Jumamosi asitajwe. Mwenye duka la mbolea kuonekana ametumia samadi ya kuku, na samadi yenyewe imemwumbua, ni aibu ya pande mbili. Fundi akaahidi. Akajaza keni mara nne, akamwagilia kile kitalu ili kuosha ukali wa samadi, akarudi nyumbani.

Lakini kitalu kile kilionekana kutoka barabarani, na watu wana macho. Ijumaa hiyo hiyo wateja watatu waliuliza ni mbolea gani ya dukani iliyoua nyanya za mwenye duka, ili wasije wakainunua. Kufikia jioni swali lilikuwa limefika sokoni, na lilikuwa limeongezwa chumvi: kwamba mwenyewe amelazwa.

Ndiyo maana Jumamosi, kabla Fundi hajafungua mdomo, geti lilifunguliwa, likafungwa vizuri, na yule baba akaingia akiwa amevaa koti. Mkononi alikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo shina la nyanya lililokauka, na mizizi yake. Siku hiyo walikuja watu thelathini na mmoja. Dada naye hakukubali tena dirisha. Mafundi wa gereji walikuwa wamembeba na kiti chake hadi chini ya paa.

Yule baba akaweka ndoo mbele.

"Mimi ndiye Sumu," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa polisi. "Nimekuja kusema kwamba nyanya zangu hazikuuawa na kitu chochote cha dukani kwangu. Ziliuawa na chai ya hapa."

Watu wote wakamtazama Dada. Dada alikuwa amekunja uso, na Fundi akajua kuna maneno ya miaka kumi na moja yanayokuja. Akasimama haraka.

"Nimeziua mimi," akasema. "Nilifundisha vibaya. Nilitia chai kumi na maji moja, na ilitakiwa chai moja na maji kumi. Chai haina kosa, wala dukani kwake hakuna kosa. Kosa ni la mkono huu." Akaunyoosha mkono, ule uliosifiwa usiotetemeka.

Kisha akachukua makopo akapima tena, mbele ya wote, safari hii pembeni mwa mpapai ambako kila mtu aliona, akihesabu kwa sauti. Maji yakawa na rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili. Muuguzi akauliza kama mbolea ya dukani nayo ikizidishwa hivyo ingeunguza. Yule baba akasema ingeunguza hivi hivi, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Dada akakubali kwa kichwa, mdomo haukuhusika.

Fundi akasema somo la siku hiyo litaendelea kwenye kitalu cha mtu, kwa sababu kuna udongo wa kuoshwa na kufunikwa. Watu wakabeba keni, majembe, toroli mbili za mboji na mafungu ya nyasi kavu, wakaondoka wote kwa mguu hadi njia panda. Walikata majani yaliyoungua, wakamwagilia hadi udongo ukanywa, wakatandaza mboji na juu yake nyasi. Yule baba alivua koti, akachimbua udongo taratibu kuzunguka kila shina, umbali ule ule kila upande. Mbele ya duka lake hapajawahi kuwa na watu wengi vile, na waliokuwa wanapita wakaingia kuona, na wawili wakanunua majembe.

Saa mbili zilipita. Ndipo mmoja wa mafundi wa gereji akanyoosha mgongo na kuuliza, "Mwalimu nani kambeba?"

Hakuna aliyekuwa amembeba. Walimkuta Dada chini ya paa, kwenye kiti chake, na kuku wawili juu ya plasta.

"Mmerudi," akasema.

Watu wakaomba radhi, akazipokea moja moja, hakumsamehe yeyote papo hapo. Walipokwisha kutawanyika Fundi alibaki kuwaondoa kuku na kupangusa mguu kwa kitambaa. Dada akawa anatazama mihogo.

"Uliwaambia ni mkono wako," akasema.

"Ulikuwa mkono wangu."

"Na mdomo wangu. Mimi ndiye niliyesema kumi kwa moja."

"Ndiyo, ulisema."

"Sasa mbona hukuwaambia nilisema?"

Fundi akaendelea kupangusa, ingawa plasta ilikuwa imeshatakata. "Ulikuwa umekaa na mguu mmoja, Dada. Nisingeweza."

Dada akavuta pumzi ndefu. Akasema kwamba, kama angeweza kusimama, leo yeye ndiye angemkaangia mdogo wake mayai. Kwa kuwa hakuweza kusimama, Fundi akajikaangia mwenyewe, lakini alielewa.

Kati ya mashina kumi na mawili, saba yalichipua upya kutoka chini. Mwenye duka hakuacha kuuza mifuko yake, ila alifunga kijiko cha kupimia kwa kamba kwenye kaunta na kumkataza mteja kuondoka kabla hajarudia kipimo kwa mdomo wake, jina la kila kitu likitajwa. Siku za Jumamosi alifunga duka kwa saa mbili. Dada aliendelea kumwita Sumu, sasa mbele ya uso wake, naye akawa anaitika.

Plasta ilitolewa wiki ya saba, na Fundi akarudi kwenye mashine yake mjini, kwa nguo ambazo zilikuwa zimevumilia. Lakini Jumamosi ya pili tu akajikuta amekata tiketi ya basi la alfajiri. Alipofika, Dada alikuwa amesimama mbele ya benchi akiegemea fimbo, na akamwachia somo la mbolea ya maji bila kuombwa, akakaa pembeni. Katika somo hilo alimkatiza mdogo wake mara mbili. Mara moja alikuwa sahihi.